Viwanja vya gofu vya Afrika Mashariki

Viwanja vya gofu vya Afrika Mashariki ni maeneo yaliyotengwa kwa mchezo wa gofu katika nchi za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na jirani zake. Vingi vilianzishwa wakati wa ukoloni, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na maofisa wa serikali, wafanyakazi wa reli, wenye mashamba makubwa na wahandisi wa migodi. Vingine ni vya karibuni na vimejengwa na mahoteli, na kimoja kinachojulikana sana nchini Tanzania kimejengwa na jeshi.

Uwanja kamili wa gofu una mashimo 18. Uwanja mdogo una mashimo 9, na wachezaji huuzunguka mara mbili ili kukamilisha mchezo. Kila shimo lina sehemu ya kuanzia, njia ndefu ya nyasi zilizokatwa, na mwishoni uwanda mdogo wenye tundu lililowekwa bendera. Mchezaji aliyemaliza mzunguko kwa mikwaju michache ndiye mshindi. Mashimo 18 yanahitaji hekta 50 hivi au zaidi, na kwa sababu hiyo historia ya gofu popote duniani ni pia historia ya ardhi: nani alikuwa nayo, aliipataje, na nani aliruhusiwa kuikanyaga.

Linksi na viwanja vya bustani

Wataalamu wa mchezo huu hugawa viwanja katika aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni linksi, yaani uwanja wa kando ya bahari uliowekwa juu ya vilima vya mchanga vilivyo kati ya ufuko na ardhi ya kilimo. Ardhi hiyo haikufaa kulimwa, hivyo ilibaki malisho ya kondoo, na wachezaji wa Uskoti wakaitumia. Uwanja wa St Andrews, ambao mwaka 1764 ulipunguza mashimo yake yakawa 18, ni wa aina hii. Linksi haina miti mingi. Adui wa mchezaji ni upepo, mabonde madogo na mashimo ya mchanga.

Aina ya pili ni uwanja wa bustani, ulio mbali na bahari, wenye miti mikubwa, nyasi nene, na mara nyingi mito au mabwawa. Hapa mpira hauviringiki mbali baada ya kutua, na miti ndiyo inayomfunga mchezaji.

Nchi inayotajwa sana kwa kuwa na aina zote mbili karibu karibu ni Ireland. Wageni huenda huko kucheza linksi za Ballybunion, Lahinch na Portmarnock, au kuvuka hadi Ireland ya Kaskazini kwenye Royal Portrush na Royal County Down, kisha hurudi kwenye viwanja vya bustani kama Adare Manor na Mount Juliet. Linksi hizo tano zote zilianzishwa kati ya 1888 na 1894.

Afrika Mashariki ina ukanda mrefu wa pwani, lakini haina ardhi ya linksi kwa wingi. Sehemu kubwa ya pwani ni mwamba wa matumbawe wa kale, na udongo juu yake ni mwembamba. Vilima vya mchanga vipo mahali pachache, kwa mfano Shela katika kisiwa cha Lamu na Mambrui karibu na Malindi. Vile vya Shela vina kazi kubwa kuliko mchezo: mvua hupenya mchanga na kuhifadhiwa chini yake, na maji hayo ndiyo yanayolisha visima vya mji wa Lamu. Anayetafuta linksi Afrika Mashariki hana budi kuridhika na kitu kinachokaribia.

Viwanja vya pwani

Kinachokaribia zaidi ni uwanja wa Mombasa Golf Club, ulioanzishwa mwaka 1911. Una mashimo 9 na uko juu ya majabali ya matumbawe kusini mwa kisiwa cha Mombasa, si mbali na kivuko cha Likoni. Upepo wa kusi na wa kaskazi huvuma humo bila kizuizi, na mpira uliopotoka huangukia baharini. Meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu kiasi cha kuonekana wazi kutoka kwenye nyasi. Ng'ambo ya mfereji, upande wa kaskazini, kuna Nyali, uwanja wa mashimo 18 wenye miti na kivuli zaidi. Huo uko pwani kwa anwani, lakini kwa tabia ni wa bustani.

Kusini mwa Mombasa, Diani, hoteli ya Leisure Lodge ina uwanja wa mashimo 18 uliokatwa ndani ya msitu wa pwani, na mbega huonekana juu ya miti. Kaskazini, katika kaunti ya Kilifi, kuna Vipingo Ridge, uliojengwa katika eneo la mashamba ya mkonge. Uwanja wake uitwao Baobab, kwa ajili ya mibuyu iliyoachwa isimame, ulichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini. Jones alikuwa akiifahamu Kenya: mwaka 1989 alishinda mashindano ya Kenya Open. Desemba 2019 Vipingo ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya wanawake ya ziara ya Ulaya, yaliyoshindwa na Esther Henseleit wa Ujerumani.

Zanzibar ina uwanja wa mashimo 9 katika hoteli ya Sea Cliff, kaskazini mwa Mji Mkongwe, uliochorwa na Peter Matkovich.

Dar es Salaam ina viwanja viwili, na kuvitazama kwa pamoja kunafundisha. Gymkhana, wenye mashimo 18, uko katikati ya jiji, karibu na Hospitali ya Ocean Road na bustani ya mimea. Kwenye mpango wa mji wa kikoloni upande huu uliitwa Uzunguni. Maeneo ya wazi yalitumika kutenga makazi ya watu wa rangi mbalimbali. Mnazi Mmoja ilifanya kazi hiyohiyo kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika. Leo Gymkhana ni moja ya maeneo machache ya kijani yaliyobaki katikati ya jiji, na hilo ni tunda jema la mti uliopandwa kwa nia isiyokuwa njema. Uwanja wa pili ni Lugalo, ndani ya kambi ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, nao pia una mashimo 18. Lugalo ulijengwa baada ya uhuru na taasisi ya umma, na umefungua mchezo huu kwa askari, familia zao na raia ambao huenda wasingegonga mlango wa Gymkhana.

Nyanda za juu

Nairobi ndiyo yenye viwanja vingi kuliko mji mwingine wowote wa Afrika Mashariki. Royal Nairobi ulianzishwa 1906, miaka michache tu baada ya reli kufika. Muthaiga, Karen, Limuru, Sigona na Windsor vilifuata kwa nyakati mbalimbali. Karen, ulioanzishwa 1937, uko katika ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la mwandishi wa Denmark, Karen Blixen. Mashindano ya Kenya Open yalianza 1967 na yamechezwa zaidi Muthaiga na Karen. Miongoni mwa washindi wake wako Seve Ballesteros wa Hispania (1978), Ian Woosnam wa Wales (1986), na Waireland wawili, Eamonn Darcy (1982) na Christy O'Connor mdogo (1990). Tangu 2019 mashindano hayo yamo katika ngazi ya juu ya ziara ya Ulaya.

Mgeni anayetoka pwani hugundua jambo moja mara moja. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, haiukinzani sana mpira, na mpira husafiri mbali zaidi kwa mkwaju uleule. Mchezaji wa Dar es Salaam akifika Nairobi au Arusha hulazimika kuchagua upya fimbo zake.

Jambo la pili ni nyasi. Nyanda za juu za Afrika Mashariki ndizo asili ya nyasi zijulikanazo duniani kwa jina la kikuyu, zinazotambaa na kufunga ardhi kama mkeka. Zimepelekwa Australia, Afrika Kusini na Kalifornia, ambako zinafunika uwanja maarufu wa Riviera karibu na Los Angeles. Watazamaji wa televisheni wanaoona mpira ukizama katika nyasi nene za Riviera wanaona mmea wa Kiambu na Limuru. Katika maeneo ya joto na ukame kazi hiyo hufanywa na ukoka, ambao kila mwenye ua wa nyumba anaufahamu.

Upande wa Tanzania, Arusha na Moshi vina vilabu vya zamani, na kuna uwanja katika shamba la miwa la TPC kusini mwa Moshi. Karibu na Usa River kuna Kili Golf, wenye mashimo 18, uliochorwa pia na David Jones. Siku isiyo na mawingu mchezaji huona Meru upande mmoja na Kilimanjaro upande mwingine. Morogoro una Gymkhana chini ya milima ya Uluguru. Mufindi, mkoani Iringa, una uwanja katikati ya mashamba ya chai. Ni mbali, barabara zake huteleza wakati wa masika, na ukungu huweza kuficha bendera saa nzima. Pamoja na hayo huenda ndio wenye mandhari nzuri kuliko vyote nchini.

Nchini Uganda, uwanja wa Entebbe ni miongoni mwa viwanja vya kale kabisa katika kanda hii na unatazama Ziwa Viktoria. Wa Kampala uko katika bonde la Kitante, kati ya vilima vya Kololo na Nakasero. Wa Jinja, karibu na chanzo cha Nile, ulijulikana kwa kanuni yake ya pekee: mpira ukitua katika alama ya unyayo wa kiboko, mchezaji huruhusiwa kuuokota na kuudondosha kando bila adhabu. Rwanda ina uwanja wa Kigali, Nyarutarama, uliojengwa upya na kampuni ya Gary Player.

Brauni na grini

Uwanda mdogo wenye tundu huitwa grini kwa sababu ya kijani chake. Kuutunza si kazi ndogo. Nyasi zake hukatwa hadi milimita chache na huhitaji maji karibu kila siku ya kiangazi. Palipokosekana maji, vilabu vya Afrika vilibuni brauni. Brauni ni duara la mchanga lililochanganywa na mafuta, mara nyingi mafuta machafu ya injini, ili mchanga ushikamane na usipeperuke. Kabla ya kupiga mkwaju wa mwisho, kedi, yaani kijana anayembebea mchezaji mfuko wa fimbo, huburuta kifaa kipana juu ya mchanga ili kusawazisha njia ya mpira.

Gymkhana ya Dar es Salaam ilijulikana kwa brauni zake kwa miaka mingi. Wageni waliozoea nyasi walizicheka, lakini brauni ina faida zake: haihitaji maji, haihitaji mashine, na kila mchezaji hukuta uso uleule. Ubaya wake ni mafuta yanayoingia ardhini.

Kanda ya Ziwa na migodi

Magharibi na kusini mwa Ziwa Viktoria, katika mikoa ya Shinyanga, Geita na Mwanza, gofu iliingia kwa njia ya madini. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, karibu na Shinyanga. Mgodi ukawa mji kamili, wenye hospitali, shule, kiwanja cha ndege na uwanja wa gofu kwa ajili ya wahandisi na mameneja. Williamson alifariki 1958, na mgodi ukauzwa kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika kwa hisa sawa. Hali ya huko si rahisi kwa gofu. Sehemu kubwa ya Usukuma ina udongo mweusi wa mfinyanzi uitwao mbuga, ambao wakati wa mvua hunata kwenye viatu na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mpira unaweza kutumbukia. Kati ya Juni na Septemba mvua huwa adimu. Kuwa na uwanja wa gofu mahali hapo kulimaanisha kuwa na bwawa, pampu na watu wa kulipwa, na mgodi ulikuwa na vyote vitatu.

Mfano huo si wa Shinyanga peke yake. Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo, una uwanja wake, na kiwanda cha sukari cha Mumias, magharibi mwa Kenya, kilikuwa na klabu yake. Pale kampuni ilipomiliki ardhi, maji na nyumba, uwanja wa gofu ulifuata. Ubaya ni kwamba uwanja wa namna hii huishi kwa uhai wa kampuni. Uzalishaji ukishuka, nyasi ndizo za kwanza kukatiwa maji.

Geita ni habari tofauti. Mgodi mkubwa wa kisasa ulianza uzalishaji mwaka 2000, lakini dhahabu ya ukanda huo huchimbwa pia na wachimbaji wadogo. Nyarugusu, kata ya wilaya ya Geita, inajulikana kwa uchimbaji huo tangu wakati wa ukoloni. Ardhi yake imetobolewa maduara, na kando ya makarasha na mialo kuna vilima vya marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Kwa macho tu, vilima hivyo vinafanana kwa namna ya ajabu na ardhi ya linksi: mchanga mtupu, mabonde, hakuna miti.

Duniani kuna mahali ambapo ardhi kama hiyo imegeuzwa kuwa uwanja wa gofu. Anaconda, katika jimbo la Montana nchini Marekani, ulikuwa mji wa kuyeyushia shaba, na eneo la mitambo ya kale lilikuwa limechafuliwa na sumu. Lilifunikwa kwa udongo safi, na mwaka 1997 ukafunguliwa hapo uwanja wa Old Works uliochorwa na Jack Nicklaus. Mashimo yake ya mchanga yamejazwa masalia meusi ya shaba iliyoyeyushwa badala ya mchanga mweupe. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu sheria ilimlazimu aliyechafua alipie usafishaji. Marudio ya wachimbaji wadogo yana zebaki, na hayana mwenyewe mmoja wa kudaiwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa ardhi ya Nyarugusu si mchezo gani uchezwe juu yake. Ni nani atakayeisafisha hadi iweze kulimwa na visima vyake vinyweke. Mwenye kutetea viwanja vya gofu kama njia ya kuponya ardhi ya migodi anapaswa kuanza hapo.

Nani anacheza

Kabla ya uhuru, vilabu vingi vilipokea Wazungu tu. Waafrika waliingia kama wakata nyasi, wapishi na makedi. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa kisheria, lakini ada ya uanachama na bei ya fimbo vikabaki kama ukuta mpya. Nchini Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, mchezo huu ulionekana na wengi kuwa mabaki ya ubwana, na haukupata nafasi mashuleni kama mpira wa miguu, netiboli na riadha.

Hata hivyo makedi walikuwa wakitazama. Kijana anayebeba mfuko kila siku hujifunza kusoma upepo na mteremko kuliko mwenye mfuko. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza hivyo. Anayetajwa sana ni Dismas Indiza, aliyekulia Mumias, akabeba mifuko na hatimaye akawa miongoni mwa wachezaji bora wa Kenya. Kwa upande wa wanawake, Madina Iddi na Hawa Wanyeche wameiwakilisha Tanzania katika mashindano ya kimataifa. Lina PG Tour, mfululizo wa mashindano uliopewa jina la marehemu Lina Nkya, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, huzunguka vilabu mbalimbali vya nchi.

Jijini Nairobi suala la ardhi linaonekana kwa macho. Royal Nairobi unapakana na Kibera: upande mmoja wa uzio kuna nyasi zinazomwagiliwa, upande wa pili watu hununua maji kwa ndoo. Watetezi wa viwanja husema kwamba bila vilabu ardhi hiyo ingekuwa imejengwa maghorofa zamani, wala isingewafikia maskini. Huenda ni kweli, ila hoja hiyo haimpunguzii mwenye ndoo bei ya maji.

Kuvitembelea

Vilabu vingi hupokea wageni wasio wanachama kwa kulipia ada ya siku. Malipo ya kedi ni ya ziada, nayo humwendea yeye mwenyewe. Shati lenye kola huhitajika karibu kila mahali, na jinzi hukataliwa. Fimbo za kukodi hupatikana katika vilabu vikubwa na vya hoteli. Katika vilabu vidogo ni vizuri kuuliza mapema. Mwishoni mwa juma viwanja huwa na mashindano ya wanachama, hivyo siku za katikati ya wiki ni bora kwa mgeni.

Pwani, miezi ya Julai hadi Septemba ina upepo wa kusi na joto la wastani. Nyanda za juu hupendeza Januari na Februari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufunga viwanja vingi kwa siku kadhaa kwa sababu ya maji yaliyotuama.

Kwa mkazi wa Geita au Nyarugusu anayetaka kuuona mchezo huu, Mwadui iko kando ya barabara kuu ya Mwanza hadi Shinyanga, na njia ya kuingilia ni mji mdogo wa Maganzo. Kwa kuwa eneo la mgodi lina ulinzi, ruhusa huombwa kabla ya kwenda. Safari ya kwenda Mwanza imekuwa fupi tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, mahali ambapo zamani magari yalisubiri kivuko.